Kuifufua Injini Kongwe ya Mashine ya Nyasi: Mgandamizo, Cheche, Kisha Mafuta

Katika nyumba za zamani za Milimani, iwe ni ile ya Nakuru au ya Kisumu, na katika stoo za shule na mashamba makubwa kuanzia Njoro hadi Kericho, zingali zimo mashine za kukata nyasi ambazo injini zake ziliundwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Nyingi huishia kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu kwa sababu mtu alivuta kamba mara thelathini, haikuwaka, akachoka. Nimezishughulikia injini hizi hapa Nakuru kwa miaka kadhaa, na nimejiridhisha kwamba nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa hazijachakaa ndani hata kidogo. Zimechafuka tu, au zimeharibiwa na fundi aliyefungua kabla ya kupima.

Ndiyo maana napima kwa utaratibu mmoja bila kuuruka: kwanza mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni, pili cheche, tatu mafuta. Cheche na mafuta hurekebishwa kwa gharama ndogo na kwa subira, lakini mgandamizo ukikosekana kabisa, huenda ukahitaji ringi (pete za pistoni), valvu au hata silinda, na swali la kama kazi yafaa gharama hiyo ni afadhali liulizwe kabla hujanunua chochote.

Mfano wangu utakuwa injini niliyoikuta kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa imelala kati ya grili za madirisha na fremu ya baiskeli. Ni ya Briggs & Stratton, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1908 mjini Milwaukee, Marekani, na ndiyo aina ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, ikifuatwa na Villiers za Wolverhampton, Uingereza, ambazo hupatikana kwenye mashine za Atco zenye visu vya kuzunguka kama pipa.

Namba zilizopigwa kwenye bati

Kabla ya kushika spana, futa bati la juu la injini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na usome namba zilizopigwa hapo. Usitumie brashi ya waya, maana namba hizo hazikuchimbwa sana. Yangu ilikuwa 92908. Kwa Briggs, tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza namba ikiwa ndefu, hutaja ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo. Kwa hiyo 9 ni takriban sentimita za ujazo 148. Tarakimu ya 2 ni mfululizo wa muundo, na 9 inayofuata humaanisha kwamba shafti imesimama wima na kabureta ni ile ya Pulsa-Jet inayokalia tangi. Kando yake kuna namba nyingine ndefu ya tarehe, ambayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Yangu ilianza na 720612, yaani tarehe 12 Juni 1972.

Tarehe hiyo ina kazi. Briggs walianza kutumia mfumo wa cheche wa kielektroniki, uitwao Magnetron, mwaka wa 1982, kwa hiyo injini ya 1972 ambayo haijabadilishwa ina pointi (viguso viwili vinavyofunguka na kufungika ili cheche itoke) na kondensa (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku kwenye ncha ya shafti, na hapo ndipo nitakapotazama ikikosa cheche.

Usivute kamba kwanza

Injini iliyolala miaka mingi huwa na kutu kwenye ukuta wa silinda, na ukivuta kamba kwa nguvu, ringi huikwangua kutu hiyo na kuacha mikwaruzo isiyoondoka. Toa waya wa plagi, fungua plagi, kisha ondoa kisu. Mwaga oili yote na uitazame rangi: ikiwa nyeupe kama uji, maji yameingia. Ondoa bati la kufunika feni na usafishe mapezi ya kupozea. Katika injini yangu nyigu walikuwa wamejenga viota vya udongo kati ya mapezi, na udongo huo ulikuwa mgumu kama tofali. Injini ingewashwa hivyo ingechemka na kujifunga ndani ya muda mfupi.

Mimina vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwenye tundu la plagi, kwa vipimo sawa, kisha uiache siku mbili. Baada ya hapo zungusha flaiwili kwa mikono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikataa, ongeza mchanganyiko na usubiri siku nyingine mbili. Nimewahi kungoja siku tisa, na pistoni ikaachia kwa kusukumwa na kiganja tu. Nyundo haina kazi hapa: flaiwili ina sumaku na mapezi ya alumini, na pigo moja hutosha kulivunja pezi au kuipinda shafti.

Kupima mgandamizo bila geji

Rudisha plagi, shika flaiwili na uizungushe kwa ghafla kinyume cha mwendo wake wa kawaida. Injini isiyo na kasoro itairusha flaiwili nyuma kwa nguvu, kama mpira uliodunda. Sababu ya kuzungusha kinyume ni kwamba Briggs nyingi zina kemshafti (shafti ndogo inayofungua valvu) iliyochongwa ili valvu ya kuingiza hewa ibaki wazi kidogo wakati wa kuwasha, ili kamba iwe nyepesi; kwa hiyo anayepima kwa kuvuta kamba hudanganyika na kuitangaza mbovu injini iliyo nzima.

Ikiwa haidundi, weka kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na upime tena. Mgandamizo ukirejea, ringi ndizo zenye shida, ingawa mara nyingi zimeganda tu kwenye mifereji yake na hulegea injini ikishapata moto. Usiporejea, shuku valvu. Fungua kifuniko kidogo cha pembeni na uzitazame zikipanda na kushuka. Iliyoganda juu utaiona imesimama huku springi yake ikikaa bure. Idondoshee mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, uizungushe kwa vidole, uisukume chini polepole mpaka iende yenyewe.

Ukilazimika kukitoa kichwa cha silinda, chora umbo lake kwenye kipande cha katoni na uchomeke kila bolti mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana na bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi huharibu uzi wa alumini. Gasketi za injini za miaka hiyo huenda zikawa na asbesto. Zilowanishe kabisa kwa maji kabla ya kuzibandua, usizikwangue zikiwa kavu wala kuzipiga msasa, na taka zake uzifunge ndani ya mfuko. Sagia valvu kwa dawa yake ya kusagia mpaka kiti kionyeshe duara moja la kijivu lisilokatika, kisha pima nafasi ya chini ya mashina injini ikiwa baridi: kwa mfululizo huu valvu ya kuingiza hutaka milimita 0.13 hadi 0.18, na ya kutolea moshi 0.23 hadi 0.28. Ukifunga kichwa, tumia gasketi mpya na ukaze bolti kwa zamu, za kukabiliana, hadi nyutonimita 16 hivi.

Cheche

Hapa ndipo nitakapokawia, maana hapa ndipo injini nyingi zilipokwama.

Unganisha plagi na waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, uzungushe flaiwili kwa kasi. Kipimo kizuri zaidi ni cheche kuruka pengo la milimita 4 hewani, ikiwa ya buluu na yenye mlio mkavu. Ile ya manjano, nyembamba, isiyosikika, haitaweza kuwasha ndani ya silinda iliyogandamizwa hata ikiwa unaiona vizuri nje. Plagi inayofaa injini hizi ni Champion J8 au CJ8, yenye uzi mfupi, na pengo lake ni milimita 0.76. Nimekuta plagi za gari zenye uzi mrefu zimekazwa humo kwa sababu tundu ni la upana uleule. Ncha yake huingia mahali valvu inapopita.

Yangu haikuwa na cheche kabisa. Ili kuitoa flaiwili, izungushie mkanda wa zamani wa feni uushike imara, usichomeke bisibisi kati ya mapezi. Tazama mwelekeo wa uzi kabla ya kulazimisha nati, kwa kuwa baadhi ya injini za zamani zaidi hufunguka kwa upande wa pili. Kisha tumia pula, kifaa cha kuvutia, inayoshika matundu mawili yaliyo katikati ya flaiwili. Mchomeleaji yeyote wa jua kali anaweza kukutengenezea moja kwa kipande cha chuma bapa na bolti tatu. Pula ya makucha inayovuta ukingo wa nje huipasua.

Flaiwili ilipotoka, kii ilidondoka kwenye kiganja changu. Kii ni kipande kidogo cha madini laini kinachoshikanisha flaiwili na shafti, na kimefanywa laini kwa makusudi: kisu kikigonga jiwe, kii hukatika ili shafti isipinde. Kilichodondoka mkononi mwangu kilikuwa msumari wa inchi tatu uliokatwa na kupigwa tupa ukafanana nacho. Aliyeuweka alidhani ameboresha. Alichofanya ni kuhamisha pigo la jiwe linalofuata kutoka kwenye kii ya bei ndogo hadi kwenye shafti, ambayo gharama yake huizidi injini nzima. Nilipima shafti na kwa bahati ilikuwa bado imenyooka. Kii iliyokatika nusu hutambulika hata kabla ya kufungua: injini hurusha kamba nyuma mkononi, au hulipuka kupitia kabureta, kwa sababu cheche huja wakati usiofaa.

Chini ya flaiwili kuna kifuniko kidogo cha bati, na ndani yake pointi. Zangu zilikuwa zimelowa oili. Pointi husukumwa na plunja, kijiti chembamba kinachopanda na kushuka juu ya shafti, na oili huingia kwa njia mbili: ama plunja au tundu lake limechakaa, au mtu ameirudisha ikiwa imepinduliwa. Plunja ina mfereji upande mmoja, na upande huo lazima uelekee juu, kwenye pointi. Ukielekea chini, oili hupanda. Yangu ilikuwa imepinduliwa, wala haikuwa na kosa jingine. Ikiwa imechakaa hadi kubaki na urefu wa milimita 22.1 au chini ya hapo, badilisha.

Pointi ambazo hazijachimbika husafishwa kwa kupitisha karatasi ngumu safi katikati yake, mara kadhaa, mpaka itoke bila doa. Ziweke pengo la milimita 0.5 zikiwa zimefunguka kabisa. Katika injini hii kondensa yenyewe ndiyo inayosogezwa ili kupata pengo hilo. Ukirudisha kifuniko, ziba kwa gundi ya gasketi tundu dogo ambalo waya hupitia. Jina la Nakuru husemwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na vumbi jembamba kama letu hupenya kila tundu lililoachwa wazi. Mwisho, koili, inayozalisha umeme wa cheche, huwekwa karibu na sumaku ya flaiwili kwa nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25, postikadi moja iliyobanwa kati yake hukaribia kipimo hicho.

Wapo wanaotupa pointi moja kwa moja na kufunga koili ya kielektroniki. Kwangu mimi, pointi nzima zibaki, kwa sababu zinaweza kusafishwa na kupimwa na mtu yeyote mwenye karatasi na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo. Lakini tundu la plunja likiwa limepanuka, koili ya kielektroniki huiokoa injini ambayo vinginevyo ingehitaji kutobolewa na kuwekewa bushi, na hapo nitaifunga bila kusita.

Mafuta, na suala la mwinuko

Petroli iliyokaa hugeuka kuwa gundi ya rangi ya asali iliyoungua, yenye harufu ya vanishi. Toa kabureta pamoja na tangi. Pulsa-Jet ina mirija miwili: mrefu wenye chujio hunyonya kutoka tangini na kujaza kikombe kidogo, na mfupi hunyonya kutoka kikombe hicho kwenda injini. Kinachosukuma mafuta ni diaframu nyembamba inayotikiswa na pumzi ya injini yenyewe. Ishike kwa vidole: ikikunjamana na kubaki hivyo, au ikilia kama karatasi, nunua nyingine. Asilimia kubwa ya injini zinazowaka kwa petroli iliyomiminwa kwenye plagi na kuzima papo hapo, katika zile nilizozishika, zilikuwa na diaframu ngumu tu.

Safisha matundu kwa dawa ya kabureta na hewa, si kwa waya. Tangi lenye kutu lijaze siki na vijiwe vichache, litikise, liache usiku kucha, lisuuze kwa maji yenye magadi ya soda na ulikaushe juani. Siki hiyo isiguse kabureta, kwa kuwa hula alumini na zinki. Sifongo ya chujio la hewa ioshwe kwa sabuni, ikauke, ilowanishwe oili ya injini na kukamuliwa. Usiiwashe bila chujio hata kwa majaribio. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa diatomaiti, na udongo wa bonde lote hili una asili ya majivu ya volkano. Vumbi lake likipita hadi kwenye silinda hufanya kazi ya msasa.

Skrubu ya sindano ya kabureta, inayopunguza au kuongeza mafuta, ikaze kwa vidole hadi iguse, isibanwe, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia, na tangi liwe nusu wakati wa kurekebisha. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani. Kisumu iko karibu mita 1,130. Injini iliyorekebishwa vizuri Kisumu ikiletwa Nakuru au Kericho hupata mafuta mengi kuliko hewa, plagi ikawa nyeusi kwa masizi na nguvu ikapungua. Ifungie sindano kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, uisikilize, urudie. Ikishushwa Kisumu, ifungulie vivyo hivyo, na hili usilipuuze, kwa kuwa injini yenye njaa ya mafuta huchemka na kuharibu valvu ya kutolea moshi. Plagi yenye rangi ya biskuti ndiyo inayoonyesha kwamba umefika.

Inapowaka, na inapozima

Weka oili ya SAE 30, lita 0.6 hivi, uitoe injini nje, kwa maana moshi wake una gesi isiyonusika inayoua ndani ya chumba. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo ni mchanganyiko uliomimina unaungua. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayopita kwenye ringi, au umejaza kupita kiasi. Mweusi ni mafuta mengi au chujio lililoziba. Mlio unaopanda na kushuka bila kutulia ni hewa inayovuja kati ya kabureta na injini, ama mafuta haba.

Hitilafu inayowachanganya wengi ni ile ya injini kukata nyasi vizuri kwa dakika kumi kisha kuzima, ikapoa, ikawaka tena. Visababishi vikubwa ni viwili na havifanani. Mara tu inapozima, legeza kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikiingia na injini ikawaka, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Isipowaka, pima cheche hapohapo ikiwa ya moto. Cheche ikiwa imepotea, koili au kondensa inakufa kwa joto, na ukingoja ipoe ndipo upime, utaambiwa kwamba ni nzima.

Usiguse springi ya gavana, yaani kidhibiti kasi, ili kuongeza kasi. Nimekuta kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pa springi iliyopotea. Injini nyingi za aina hii hazikukusudiwa kupita mizunguko 3,600 kwa dakika. Zikipita, konrodi ya alumini, mkono unaounganisha pistoni na shafti, hukatika na kutoboa kizimba cha shafti, na kisu kinachozunguka kwa kasi hiyo kikiachia humuumiza aliye karibu.

Kwa Villiers za mapigo mawili, utaratibu ni uleule, ila mgandamizo wa chini, kwenye kizimba cha shafti, nao ni sharti uzibwe vizuri na sili nzima. Petroli yake huchanganywa na oili: lita 4 kwa mililita 250, kama ilivyoagizwa enzi zake. Nati ya flaiwili hulegea, kisha hukaza tena ukiendelea kufungua. Hiyo ni kawaida, kwa kuwa nati hiyo yenyewe ndiyo pula.

Injini ikishafanya kazi saa tano za kwanza, mwaga oili ikiwa moto na uweke mpya, kisha badilisha kila baada ya saa 25. Kiangazi kikija na nyasi zikiacha kumea, iendeshe mpaka petroli iishe tangini, weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, kisha vuta kamba polepole hadi uhisi uzito wa mgandamizo, uiache hapo: valvu zote mbili zimefungwa, na unyevu hauna pa kuingilia.